Mwaka Mrefu wa Patrick O'Brian

Kati ya 1969 na 1999 Patrick O'Brian alitoa riwaya 20 juu ya manowari za Uingereza katika vita vya Napoleon. Azisomaye kwa mfululizo hufika mahali ambapo kalenda husimama na merikebu huendelea kusafiri.

Riwaya ya kwanza iliishika historia barabara. Asili yake ni ushindi wa Mei 6, 1801, ambapo Thomas Cochrane, katika Speedy yenye watu 54, aliiteka El Gamo ya Uhispania yenye watu 319. Lakini vita vilikwisha 1815, na mtungaji alikuwa ameitumia miaka yake upesi mno. Katika dibaji ya riwaya ya kumi, 1984, aliungama kwamba huenda akahitaji miaka ya kubuni. Basi riwaya kadhaa zikasongamana ndani ya 1813.

Je, huo ni uongo? Mambo ya tanga, kamba, chakula na adhabu aliyachota katika kumbukumbu za kweli za manowari. Tarehe ndizo alizozinyosha, tena kwa kutoa habari. Mwanahistoria hana ruhusa hiyo. Hata hivyo, naye hujifunza hapa kwamba kosa lililotangazwa halimpotezi msomaji; lililofichwa humzamisha.