Maji Yanayoganda

Mtu wa Liparamba, kusini mwa Tanzania, akianza kuhema, ubavu mmoja ukimchoma kila avutapo pumzi, hospitali iko mbali. Ataelekea Ziwa Nyasa hadi Liuli kwa Waanglikana, au apande milima ya Mbinga kwenda Litembo, pengine hata Peramiho, walikofika wamonaki Wabenediktini mwaka 1898. Huko daktari atamgonga mgongoni kwa kidole. Penye hewa hulia kama ngoma, penye maji mlio huwa mzito. Leopold Auenbrugger wa Vienna aliuandika ujuzi huo mwaka 1761, na hadi leo haudai umeme.

Kugonga huonyesha kwamba maji yapo, lakini hakuelezi chanzo chake. Tangu mwaka 1850, daktari Henry Bowditch alipoanza kuyavuta kwa sindano mjini Boston, matabibu wamekuwa wakijifunza kuyasoma. Moyo uliochoka huvujisha maji mepesi, yenye protini kidogo. Utando wa pafu ukiwaka kwa maradhi, protini hupita kwa wingi. Mwaka 1972 Richard Light na wenzake waliweka kipimo kinachotumika mpaka sasa: protini ya maji ikizidi nusu ya ile ya damu, chanzo ni utando wenyewe. Walipima pia kimeng'enya kimoja, na hicho kinataka maabara yenye vitendanishi.

Kwetu Tanzania shida ilikuwa nyingine. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, ulisimama juu ya makohozi na hadubini. Uliokoa watu wengi sana, na ulimwengu ukaiga. Lakini mwenye maji kifuani kwa sababu ya kifua kikuu mara nyingi hana makohozi ya kupima, na maji yenyewe yana vijidudu vichache mno, kwa kuwa hujaa zaidi kutokana na mwili kupambana na vijidudu kuliko kutokana na wingi wa vijidudu vyenyewe. Hadubini haioni kitu. Ukimwi ulipoenea miaka ya 1980, wagonjwa wa namna hii waliongezeka wodini, na jibu la "hakuna vijidudu" likawa hatari.

Ndipo kipimo cha kimaskini kilipopata heshima yake. Maji huwekwa katika chupa safi isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, kisha huachwa. Yakiwa na rangi ya majani makavu na yakaganda, yana protini nyingi, na katika nchi yenye kifua kikuu tele huo ni ushahidi mzito. Shirika la Afya Duniani lilikiingiza kipimo hiki katika miongozo yake kwa hospitali zisizo na vifaa. Usaha au damu huelekeza kwingine.

Mwaka 2010 shirika hilo liliidhinisha mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu la makohozi kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa maji ya kifuani bado hukosa wagonjwa wengi. Mashine ikisema hapana huku maji yameganda, daktari mzoefu haandiki ruhusa ya kwenda nyumbani. Humpima mgonjwa Virusi vya Ukimwi na kumwanzishia dawa za kifua kikuu za miezi 6.