Moto Ulioelekea Mashariki

Watu wengi wa Afrika Mashariki huamini kwamba habari za roketi ni za Marekani na Urusi, nasi tulikuwa wasikilizaji wa redio tu. Historia yasema vingine. Kati ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka pwani yetu wenyewe, katika jukwaa la chuma la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwenye wazo alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Italia. Roketi zenyewe, zilizoitwa Scout, zilitoka Marekani.

Kwa nini pale? Malindi ni jirani ya ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki huipata kasi hiyo bure, kama mtu arushaye jiwe mbele akiwa juu ya lori linalokimbia. Tena upande huo ni bahari tupu. Vipande vikianguka haviangukii paa la mtu.

Baadhi zilirushwa usiku: Novemba 1972, Mei 1975, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Kutoka jukwaani hadi mji wa Malindi ni kilomita 30 hivi. Kwa umbali huo mwanga hutangulia, na ngurumo hufika dakika moja na nusu baadaye, kwani sauti hutumia sekunde tatu kwa kila kilomita. Moto hupinda kuelekea mashariki, hufifia, kisha huwaka tena. Scout ilikuwa na sehemu nne, na kila moja ya zile tatu za kwanza ikimaliza fueli huachwa ianguke. Baharia aliye mbali chini ya njia yake angeona nyota ikichomoza upande wa machweo.

Na sisi wa Tingi? Wanafunzi wangu wa ualimu waliniuliza hivyo zaidi ya mara moja. Nikawapa tufe la dunia na uzi, wapime wenyewe. Walipata zaidi ya kilomita 1,000. Kwa umbali huo mviringo wa dunia huficha kila kitu kilicho chini ya kilomita 80 hivi kutoka ardhini, na roketi ilikuwa ikizidi kutukimbia. La hasha, hatukuiona. Mianga yetu ya usiku ilikuwa karabai za wavuvi wa usipa ziwani.

Lakini roketi iliyotuhusu zaidi haikuhitaji giza. Tarehe 12 Desemba 1970, mchana, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wataalamu kuamini kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hapa, msomaji, ndipo ninapopata uzito moyoni. Neno letu la Kiswahili lilikwenda angani, lakini hesabu zilibaki kwa wengine. Tangu 1988 hakuna setilaiti nyingine iliyopaa kutoka Ngomeni. Mwaka 2023 Kenya ilipopeleka setilaiti yake, Taifa-1, ilibidi isafirishwe hadi California. Ikweta haijahama, bado inapita kwetu.

Sisemi Waitalia walitudhulumu. Nasema kwamba kuwa jirani ya jambo si kulijua. Aliyesimama ufukweni Malindi aliuona moto. Mwanafunzi wa Tingi hakuuona, lakini kwa tufe na uzi alieleza kwa nini. Nikiulizwa ni yupi kati yao aliye karibu zaidi na roketi, nitamtaja huyo wa pili. Mwalimu mwenzangu, uzi hauna gharama.