Baa ya Kiayalandi na Wali wa Mwinyi Heri

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani,

Mwanzoni mwa utumishi wangu nilipelekwa Dar es Salaam kwa kazi ya serikali. Jioni moja wenzetu wawili wa darasa letu walinichukua hadi baa ya Kiayalandi kule Msasani. Wao waliagiza Guinness. Mimi, mtoto wa Ujiji, niliagiza soda ya tangawizi, wakanicheka kama mnavyowajua. Chakula kilikuwa mchuzi wa kondoo na viazi, mzuri kweli.

Mmoja wao alieleza kwamba tangu miaka ya 1990 zipo kampuni za Dublin zinazosanifu baa nzima, zikachonga kaunta na viti hukohuko Ayalandi, kisha zikasafirisha vyote kwa makontena. Nikamwambia hilo si geni Kigoma. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilipita Dar es Salaam, ikapanda reli, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915.

“Basi sisi tukifungua baa yetu ugenini,” akauliza, “tutundike nini ukutani?”

Mwenzake hakufikiri hata kidogo: “Stanley akimvulia Livingstone kofia chini ya mwembe.”

Tulicheka, lakini jibu lile halikunitoka. Nilipopata likizo nilitafuta kitabu cha Stanley mwenyewe nikasoma habari za siku ile ya mwishoni mwa 1871. Salamu yake tunaijua sote. Shampeni pia wengi wameisikia: Stanley aliibeba chupa ile kutoka pwani, wakainywa kwa vikombe vya fedha. Lakini shampeni haishibishi, na Livingstone alikuwa amerudi Ujiji akiwa hoi, mali yake imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza.

Waliowalisha walikuwa majirani. Said bin Majid alileta vimkate vya nyama vya moto. Muhammad bin Salih alileta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Heri, mkubwa wa Ujiji ambaye baadaye Sultani wa Unguja alimtambua kuwa liwali wake, alileta nyama ya mbuzi na wali. Sinia moja halijaisha, jingine linaingia. Stanley aliyaandika majina hayo na vyakula vyao bila kuficha. Waliopika ndio hakuwataja, na kwa desturi za nyumba zile nadhani wengi wao walikuwa wanawake, na watumwa pia.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Katika mtihani wa historia niliulizwa juu ya mkutano huo. Niliandika kurasa mbili, nikapata alama karibu zote, nami sikumtaja mwenyeji hata mmoja. Nilizaliwa mwendo wa dakika chache kutoka pale penye mnara wa kumbukumbu, na bibi yangu alikuwa akipika mchuzi wa namna ileile!

Sasa kamati ya mkutano wetu wa mwaka huu imenikabidhi jukumu la chakula. Nimekwisha kuagiza mbuzi wawili, kuku na mchele, na vimkate vya nyama vitakaangwa na akina mama wa Ujiji, ambao majina yao yatasomwa mezani kabla hatujanawa. Migebuka haitakosekana. Vinywaji kila ndugu ajitegemee.