Neno Lililozuiwa: Hotuba na Nyaraka za Rais Clinton kuhusu Rwanda, 1994–1998

Makala hii inahusu hotuba za hadharani na nyaraka za kiserikali za Rais Bill Clinton kuhusu Rwanda, tangu Aprili 1994 hadi hotuba aliyoitoa Kigali mwezi Machi 1998. Hoja yake ni kwamba aina hizo mbili za maandishi hazisemi jambo moja, na kwamba mtafiti anayetegemea hotuba peke yake huurithi, pasipo kujua, utetezi wa msemaji. Suala hili lina uzito wa pekee kwa wanaoandika historia ya Maziwa Makuu kwa Kiswahili, kwa kuwa tofauti kati ya hotuba na nyaraka inasimama juu ya neno moja, na neno hilo halitafsiriki kwa urahisi.

Rafu mbili

Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilianzisha mfululizo rasmi wa vitabu vya hotuba na matamko ya marais wake. Baadaye mfululizo huo ulirudi nyuma na kuwajumuisha marais wa awali, akiwamo Harry Truman, aliyeingia madarakani mwaka 1945. Kanuni ya vitabu hivyo ni nyepesi: huingia kile ambacho Rais alikitamka au kukitoa hadharani. Hotuba zimo, mikutano na waandishi wa habari imo, barua zilizotangazwa zimo. Dokezo la mshauri kwa waziri halimo, wala taarifa ya balozi, wala muhtasari wa idara ya ujasusi.

Maandishi hayo ya ndani yana njia nyingine. Sheria ya Kumbukumbu za Rais ya mwaka 1978, iliyoanza kutumika kwa Ronald Reagan mwaka 1981, inasema kwamba kumbukumbu hizo ni mali ya umma na si za Rais binafsi. Hata hivyo, sehemu yake inaweza kufungwa kwa muda wa hadi miaka 12, na zilizo za siri hufungwa zaidi. Maktaba ya Rais Clinton mjini Little Rock ilifunguliwa Novemba 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Rafu ya hotuba, kwa hiyo, hujaa mapema na kumfikia msomaji popote alipo. Rafu ya pili hujaa polepole, kwa maombi na kwa mabishano. Historia nyingi huandikwa kabla rafu ya pili haijapata hata faili moja.

Yaliyosemwa mwaka 1994

Hotuba za mwaka 1994 ni chache. Katika siku za mwanzo Rais alizungumzia usalama wa raia wa Marekani, ambao waliondolewa Rwanda katika siku chache baada ya Aprili 6. Aprili 22 Ikulu ya Marekani ilitoa tamko lililowataja kwa majina baadhi ya wakuu wa kijeshi, akiwamo Kanali Théoneste Bagosora, na kuwataka wakomeshe ghasia. Siku moja kabla ya hapo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha Azimio 912, lililokipunguza kikosi cha kulinda amani hadi watu 270.

Maneno yanayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni ya Aprili 30, Rais alipowahutubia Wanyarwanda kwa njia ya redio. Alizungumza juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na mauaji ya halaiki ya raia, akalitaka jeshi la Rwanda na RPF wakubali kusimamisha mapigano mara moja na kurudi kwenye mazungumzo. Hakuna uongo katika maelezo hayo. Vita vilikuwapo, na raia waliuawa kwa wingi. Lakini vita na mauaji ya kimbari ni mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. Vita vina pande mbili zinazoweza kuketi mezani. Mtu anayesakwa nyumbani kwake, kanisani au kwenye kinamasi hana upande wa kuuwakilisha mezani, na kusimamishwa kwa risasi kati ya majeshi mawili hakumzuii mwenye panga kwenye kizuizi cha barabarani. Kwa kuchagua lugha ya vita, hotuba ilikuwa imekwisha kuchagua sera.

Mei 25, akiwahutubia wahitimu wa chuo cha jeshi la wanamaji huko Annapolis, Clinton alieleza kwamba kuingia kwa Marekani katika migogoro ya kikabila duniani kutategemea uzito wa maslahi ya Marekani yaliyo hatarini. Wasikilizaji wake waliikumbuka Mogadishu, walikokufa askari 18 wa Marekani Oktoba 1993, na wiki tatu kabla Rais alikuwa ametia saini mwongozo mpya wa kuzibana operesheni za kulinda amani. Hotuba ndefu na ya haraka kuhusu Rwanda ilikuja Julai 22, nayo ilihusu wakimbizi wa Goma na msaada wa kibinadamu. Wakati huo wauaji walikuwa wamevuka mpaka pamoja na wakimbizi.

Yaliyoandikwa mwaka 1994

Agosti 2001, taasisi isiyo ya kiserikali ya National Security Archive, iliyoko katika Chuo Kikuu cha George Washington, ilichapisha nyaraka ilizozipata kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari. Nyingine zilifuata mwaka 2004. Zikipangwa kwa tarehe, zinasimulia masika ya 1994 kwa namna nyingine.

Taarifa ya kila siku ya idara ya ujasusi ya Aprili 23, iliyoandaliwa kwa ajili ya viongozi wa juu, ilisema kwamba RPF wataendelea kupigana ili kukomesha mauaji ya kimbari, na kwamba kwa maelezo ya wafanyakazi wa misaada mauaji hayo yalikuwa yakienea kusini. Hati yenyewe haithibitishi kwamba Rais aliisoma. Inachothibitisha ni kwamba neno lilikuwa likitumika, kama neno la kawaida la kazi, wiki moja kabla ya hotuba ya redio ambamo halikutamkwa. Aprili 26, muhtasari wa asubuhi wa Waziri wa Mambo ya Nje, Warren Christopher, uliliweka neno hilo katika kichwa cha habari.

Mei 1 ofisi moja ya Wizara ya Ulinzi iliandaa karatasi ya majadiliano kuhusu hatua zilizopendekezwa. Moja ya hatua hizo ilikuwa kudai uchunguzi wa kimataifa wa uwezekano wa mauaji ya kimbari. Pembeni mwa pendekezo hilo kuna tahadhari: wanasheria wa Wizara ya Mambo ya Nje wana wasiwasi, kwa kuwa kukiri kwamba ni mauaji ya kimbari kunaweza kuilazimu serikali kufanya jambo. Hapa neno halijulikani kwa uchache wake. Linakwepwa kwa sababu maana yake inajulikana vizuri mno.

Siku nne baadaye Frank Wisner, afisa wa ngazi ya juu wa Wizara ya Ulinzi, aliiandikia Ikulu kuhusu wazo la kuvuruga matangazo ya redio ya chuki. Alilikataa kwa sababu za kisheria na za kiufundi, na kwa gharama: ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu takriban dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka. Ni nadra historia kuacha bei iliyoandikwa wazi namna hii.

Dokezo la Mei 21 kwa Waziri Christopher lilipendekeza maafisa waruhusiwe kusema kwamba “vitendo vya mauaji ya kimbari” vimetokea. Hati hiyo ilieleza kwamba kutamka hivyo hakungeleta wajibu mahususi wa kisheria, na kwamba kunyamaza kungeishushia serikali heshima mbele ya watetezi wa haki za binadamu. Juni 10 msemaji wa wizara aliulizwa na mwandishi wa habari ni vitendo vingapi vinavyohitajika ili viitwe mauaji ya kimbari. Hakuwa na jibu.

Tatizo la mfasiri

Swali la mwandishi huyo linauma kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili makali yake hupungua. “Mauaji” tayari ni wingi wa vitendo. Kusema “vitendo vya mauaji ya kimbari” huonekana kama kurefusha maneno tu, na msikilizaji hatambui kwamba msemaji amerudi nyuma hatua moja. Kuna tatizo jingine lililo kubwa zaidi. Vyombo vya habari vya Kiswahili vimekuwa vikitumia “mauaji ya halaiki” na “mauaji ya kimbari” kana kwamba ni kitu kimoja. Halaiki ni umati. Mbari ni ukoo, watu wa asili moja. Neno la kwanza linaeleza wingi wa waliokufa, la pili linaeleza kwa nini walichaguliwa. Mfasiri akitumia “halaiki” kwa hotuba ya Aprili 1994 na pia kwa hotuba ya Machi 1998, atakuwa amelifuta badiliko ambalo ndilo kiini cha suala zima. Rwanda yenyewe imelishughulikia jina hili kwa uzito: marekebisho ya katiba ya mwaka 2008 yaliweka wazi kwamba ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Kanombe, Machi 25, 1998

Clinton alifika Kigali akitokea Uganda, akakaa saa chache, wala hakutoka nje ya uwanja wa ndege. Alizungumza kwanza na manusura, kisha akahutubia mbele ya Rais Pasteur Bizimungu. Hotuba hiyo ina mambo ambayo hayapaswi kudharauliwa. Alisema kwamba mauaji hayakuzuka yenyewe wala hayakutokana na uhasama wa kale wa makabila. Yalikuwa sera ya kuangamiza watu, iliyoandaliwa. Alisema hivyo miezi mitano kabla Mahakama ya Arusha haijatoa hukumu katika kesi ya Akayesu, Septemba 2, 1998. Alikiri kwamba jumuiya ya kimataifa haikuchukua hatua haraka, kwamba kambi za wakimbizi ziliachwa ziwe maficho ya wauaji, na kwamba uhalifu huo haukuitwa mara moja kwa jina lake.

Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba duniani kote walikuwapo watu kama yeye, walioketi maofisini siku baada ya siku bila kutambua kikamilifu kina na kasi ya maafa. Sentensi hii ndiyo inayohitaji rafu ya pili. Kukiri kwamba jina halikutamkwa mara moja ni kukiri kuchelewa, na anayechelewa huweza kusamehewa kwa kuwa hakujua. Nyaraka za Aprili na Mei 1994 zinaonyesha jambo tofauti: jina lilijulikana, likapimwa, likazuiwa. Kuhusu kama Rais binafsi alijua kila kilichoandikwa, mjadala unaweza kuendelea. Kuhusu maofisi, haupo tena.

Utaratibu nao unaeleza mengi. Seneti ya Ubelgiji ilikamilisha uchunguzi wake mwaka 1997, na Waziri Mkuu Guy Verhofstadt akaomba radhi Kigali Aprili 2000. Ufaransa ilipokea ripoti ya Tume ya Duclert Machi 2021, na Rais Emmanuel Macron akahutubia Gisozi Mei 27 mwaka huohuo. Kwa Marekani hotuba ilitangulia. Nyaraka zikafuata miaka mitatu baadaye, kwa juhudi za watafiti, na Bunge lake halikuunda tume ya uchunguzi ya aina hiyo. Hotuba ya Kanombe haikuwa na ripoti ya kuijibu. Ndiyo maana toleo lolote la Kiswahili la hotuba hizi, iwe kwa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki au kwa wizara, linapaswa kuweka hati ya ndani ya tarehe ileile ubavuni mwa kila hotuba.

Julai 2005, akiwa Gisozi, Clinton alizungumzia kushindwa kwake yeye binafsi. Mwaka 2013, katika mahojiano ya televisheni, alikadiria kwamba kama Marekani ingeingilia kati mapema watu wapatao 300,000 wangeweza kuokolewa. Kauli hizo mbili hazimo katika vitabu rasmi vya hotuba zake. Vitabu hivyo vinakoma Januari 2001, alipoondoka madarakani.