Hasara ibebwe na nani? Historia ya mtaji wa ubia na funzo lake kwetu

Mwaka 1957 wahandisi wawili wa Massachusetts, Kenneth Olsen na Harlan Anderson, walibisha hodi katika kampuni ya uwekezaji ya Boston iliyoitwa American Research and Development, wakitafuta fedha za kuanzisha kiwanda cha vifaa vya elektroniki. Kabla ya kuonana na wakurugenzi walionywa wasilitaje neno kompyuta, kwa sababu makampuni makubwa yalikuwa yanapoteza fedha nyingi katika biashara hiyo. Wakalifuta, wakaandika kwamba watatengeneza vipande vya saketi. Walipewa dola 70,000, nao wakatoa asilimia 70 ya hisa za kampuni yao, Digital Equipment Corporation. Walianza kazi katika jengo la kukodi mjini Maynard, sehemu ya kiwanda cha zamani cha sufu. Kufikia mwaka 1971 hisa zile za dola 70,000 zilikuwa zimefika thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama sifa ya ujasiri wa matajiri wa Marekani, na msimuliaji humalizia kwa kulalamika kwamba matajiri wetu ni waoga. Nadhani somo hilo si sahihi. Historia ya mtaji wa ubia, yaani fedha zinazowekwa katika kampuni changa kwa kununua sehemu ya umiliki, ni historia ya jinsi watu walivyojifunza kuigawa hasara. Penye mifuko mingi inayoweza kuibeba hasara kidogo kidogo, mambo makubwa huzaliwa. Ikiachwa yote begani mwa anayethubutu, wanaothubutu huwa wachache, na wengi wao huishia kuwa watumwa wa deni.

Tofauti yote imo katika mkataba. Benki inapokopesha hutaka dhamana, kama nyumba, shamba au gari, na hutaka marejesho kila mwezi, biashara ipande au ishuke. Kampuni changa haina nyumba wala shamba, na pengine itakaa miaka mitano bila faida. Mwekezaji wa ubia haombi dhamana wala marejesho, ananunua hisa. Tuseme kampuni changa ya Arusha inahitaji shilingi milioni 500, na mwekezaji anazitoa kwa asilimia 20. Maana yake wamekubaliana kwamba, fedha zikishaingia, kampuni nzima ina thamani ya shilingi bilioni 2.5. Kampuni ikifa, mwekezaji hamdai mwanzilishi hata senti. Ikikua, fungu lake linakua nayo, na siku kampuni itakapouzwa au kuingia soko la hisa ndipo atakapovuna. Haina maana kwamba fedha hizi ni sadaka. Kwa kawaida mwekezaji huchukua hisa za upendeleo, ili mauzo yakiwa madogo arudishiwe chake kwanza, na hutaka kiti katika bodi. Kila awamu mpya ya fedha hupunguza fungu la waanzilishi. Hata hivyo kiini hakibadiliki: aliyetoa fedha amekubali mapema kwamba zinaweza kupotea.

Pwani yetu iliijua biashara ya hatari zamani sana, na iliigharimia kwa njia yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, kama Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, walitoa bidhaa kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa wakuu wa misafara: marobota ya nguo za pamba, shanga na waya. Nguo hizo nyingi zilitoka viwanda vya Massachusetts, jimbo lile lile la Olsen na Anderson, zikaletwa na meli za Salem, na ndiyo sababu watu wa pwani waliziita merikani. Mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba mzigo wa takriban frasila mbili kutoka Bagamoyo hadi Tabora na hata Ujiji. Msafara ungeweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya pembe za ndovu kufika pwani. Tippu Tip mwenyewe, mkuu maarufu wa misafara aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, alisafiri kwa mali za Taria Topan. Ujasiri haukupungua hata kidogo. Kilichokosekana kilikuwa mgawanyo wa hasara, maana bidhaa zile zilikuwa deni. Pembe zikikosekana au msafara ukiporwa, deni lilibaki pale pale, na wako waliohamia bara moja kwa moja kwa kuogopa kurudi Zanzibar kukutana na wanaowadai. Hasara nyingine ilisukumwa chini zaidi, kwa wapagazi waliokufa njiani na kwa watu waliokamatwa na kuuzwa kama bidhaa. Mfumo unaomwachia hasara yote aliye chini una ukatili ndani yake, na sisi wa pwani hatupaswi kuusahau.

Pwani hiyo hiyo ilikuwa na mkataba mwingine katika vitabu vya fikihi: mudharaba. Mmoja analeta mali, mwingine analeta kazi na maarifa. Faida inagawanywa kwa kiwango walichokubaliana, na mali ikipotea bila uzembe wala hiana, hasara ya fedha ni ya mwenye mali, na mwenye kazi amepoteza jasho lake. Wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliitumia mudharaba karne nyingi kabla ya Boston kuwa mji. Wawindaji wa nyangumi wa New Bedford, Massachusetts, walifika katika mpango unaofanana nao katika karne ya 19. Wakala alikusanya fedha kwa watu wengi na kununua meli kwa mafungu, na nahodha na mabaharia walilipwa sehemu ya mafuta yatakayopatikana badala ya mshahara. Meli nyingi hazikurudi, lakini aliyekuwa na mafungu madogo katika meli kumi hakufilisika kwa kuzama kwa moja. Hapo tayari tunaona mambo mawili yanayoushikilia mtaji wa ubia hadi leo: kutawanya fedha katika majaribio mengi, na kumpa fungu anayefanya kazi.

Kampuni iliyowapokea Olsen na Anderson ilianzishwa mwaka 1946, na waasisi wake walikuwa watu wa taasisi zaidi kuliko wacheza bahati. Karl Compton alikuwa mkuu wa chuo cha teknolojia cha MIT, Ralph Flanders alikuwa rais wa Benki Kuu ya kanda ya Boston, na Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa, alikuwa profesa wa Harvard. Walikusudia kukusanya dola milioni 5 wakapata kama milioni 3.5. Kwa miaka 25 kampuni yao ilizalisha wastani wa asilimia 14.7 kwa mwaka. Ukiliondoa fungu la Digital Equipment peke yake, wastani huo unashuka hadi asilimia 7.4. Tarakimu hizi mbili zafaa zikaririwe na kila anayezungumzia kampuni changa. Zinaonyesha kwamba uwekezaji mmoja ulibeba karibu nusu ya mavuno ya robo karne, na hakuna aliyejua mapema ungekuwa upi. Kwa hiyo anayeweka fedha zote katika kampuni moja anacheza kamari. Anayeziweka katika kampuni ishirini, kwa subira na kwa usimamizi wa karibu, anafanya biashara.

Somo la pili, la fungu la mwenye kazi, lilipatikana California kwa gharama. Mwaka 1957, ule ule wa Digital Equipment, wahandisi wanane waliiacha maabara ya William Shockley wakitaka kuanzisha kampuni yao. Arthur Rock, kijana wa kampuni ya fedha ya New York, alikutana nao San Francisco pamoja na mkubwa wake, Bud Coyle. Hapakuwa na hati ya mkataba mezani, kwa hiyo watu wote kumi walitia saini katika noti kumi za dola moja moja. Rock alipeleka pendekezo lao kwa makampuni zaidi ya 30, yote yakakataa, hadi Sherman Fairchild alipokubali kutoa takriban dola milioni 1.4. Lakini aliweka sharti la kuwa na haki ya kuinunua kampuni yote kwa dola milioni 3, na mwaka 1959 aliitumia haki hiyo. Wahandisi walipata mamia ya maelfu ya dola kila mmoja, ila kuanzia siku hiyo walikuwa waajiriwa wasio na hisa katika kampuni waliyoijenga. Wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Robert Noyce na Gordon Moore walipoondoka mwaka 1968 kuanzisha Intel, Rock aliwachangishia dola milioni 2.5, na safari hii waanzilishi walibaki na fungu kubwa na wafanyakazi wakapewa nafasi ya kumiliki hisa. Mwekezaji aliyemnyang'anya mwenye kazi fungu lake alimpoteza, na aliyemwachia alivuna.

Swali linalobaki ni fedha hizo zilitoka kwa nani, na hapa ndipo hadithi ya ujasiri wa matajiri inapovunjika kabisa. Mwaka 1958 serikali ya Marekani, iliyoshtushwa na setilaiti ya Sputniki ya Warusi, ilipitisha sheria ya kukopesha kampuni binafsi za kuwekeza katika biashara ndogo. Hata hivyo, miaka 20 baadaye sekta hiyo bado ilikuwa ndogo: mwaka 1978 mifuko mipya ya ubia ilipata dola milioni 424 tu, na pensheni zilichangia asilimia 15. Mwaka 1979 Wizara ya Kazi ilifafanua kanuni, ikisema kwamba msimamizi wa pensheni atapimwa kwa busara ya uwekezaji wake wote kwa pamoja, bila kuhukumiwa kwa kila uwekezaji peke yake. Miaka minane baada ya 1978 fedha mpya zilikuwa zimepita dola bilioni 4, na zaidi ya nusu zilitoka katika pensheni. Kupunguzwa kwa kodi ya faida ya mtaji mwaka 1978 kulisaidia pia, lakini mabilioni yale hayakuwepo hadi akiba za pensheni za wafanyakazi ziliporuhusiwa kuingia kwa kipimo. Israeli ilifuata njia yake mwaka 1993 kwa mpango wa Yozma: serikali iliweka dola milioni 100, ikaingia ubia na mifuko binafsi, na ikawapa wabia haki ya kununua fungu lake mambo yakienda vizuri.

Tukirudi Afrika Mashariki na kipimo hiki, tunaona kasoro ilipo. Hata M-Pesa, fahari yetu ya mwaka 2007, ilianza kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza iliyokaribia pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza fungu lake. Hasara ya majaribio ilikuwa imegawanywa kabla ya Mkenya wa kwanza kutuma fedha kwa simu. Baada ya hapo kampuni changa za Nairobi zilichangisha mamilioni ya dola, lakini sehemu kubwa ilitoka nje, na nyingi zililazimika kuandikishwa katika jimbo la Delaware, Marekani, ili mwekezaji awe chini ya sheria anayoijua. Riba zilipopanda Marekani, fedha zilipungua sana mwaka 2023. Sendy, mojawapo ya kampuni hizo, ilifunga mwaka huo, na nyingine, Copia, ikawekwa chini ya msimamizi mwaka 2024. Wapo waliosema haya yanathibitisha kwamba mtaji wa ubia ni ulaghai. Lakini kampuni kufa ni sehemu ya mpango tangu enzi za wawindaji wa nyangumi. Udhaifu wetu ni kwamba uamuzi wa kuendelea au kuacha hufanywa mbali, kwa sababu zisizohusiana na wateja wa Kiambu wala wa Mwanza, na kampuni ikifanikiwa faida nayo huondoka.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba pensheni ni jasho la mfanyakazi, si fedha ya kuchezea, na kwamba hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila wasiwasi. Pingamizi hili ni la haki, na kumbukumbu za mifuko ya umma iliyotumbukizwa katika miradi ya kisiasa zinalipa nguvu. Ila jibu limo katika hesabu. Mfuko unaoweka shilingi 3 katika kila 100, ukazitawanya katika kampuni nyingi kwa miaka kumi, hata ukizipoteza zote 3, ile 97 ikiwa katika hati fungani hizo itazirudisha kabla ya mwaka kwisha. Kenya tayari inaruhusu hadi asilimia 10 ya mali ya mfuko iwekwe katika mitaji ya aina hii, na nafasi hiyo imetumika kidogo sana. Ruhusa peke yake haitoshi. Panahitajika wasimamizi wenye ujuzi wanaolipwa kwa faida, hesabu zinazowekwa hadharani, na mkono wa wanasiasa uwekwe mbali. Wengine husema tunavyo vyama vya akiba na upatu. Navyo ni vyema, lakini vimejengwa juu ya ahadi kwamba kila mwanachama atarudishiwa chake, na ahadi hiyo haiwezi kubeba jaribio linaloweza kufeli. Anayeuona mtaji wa ubia kuwa mgeni naye akumbuke mudharaba. Mwenye mali kubeba hasara ya mali yake ni desturi tuliyoijua kabla ya Boston.

Wabunge, wadhamini wa mifuko na wasimamizi wa sekta hii wana kazi ya kufanya, na nchi nyingine zimekwisha kuonyesha inavyofanywa. Vijana wetu hawajapungukiwa na mawazo wala ujasiri. Wanachokosa ni mwenzao wa nyumbani aliye tayari kushika upande mmoja wa mzigo. Tusipompata, tutaendelea kuwakopesha kwa rehani za nyumba za wazazi wao, na kila anayeanguka ataanguka na ukoo wake.