Ugomvi wa Marafiki na Reli ya Kilombero

Rais Lyndon Johnson wa Marekani alitaka askari wa Uingereza Vietnam, hata kikosi kidogo tu cha kuonyesha bendera. Waziri mkuu wao, Harold Wilson, hakumpa. Wala hakumkatalia hadharani: aliendelea kuitetea sera ya Marekani, maana pauni yake ilikuwa inashikiliwa na msaada wa Washington. Mdomo ulikubali, miguu haikwenda.

Charles de Gaulle hakuwa na simile hiyo. Machi 1966 aliitoa Ufaransa katika uongozi wa pamoja wa majeshi ya NATO na kuyataka majeshi ya kigeni yafungashe virago. Septemba akasimama Phnom Penh kuilaumu vita ya Vietnam. Lakini mkataba wenyewe hakuuchana. Alitoka barazani, nyumba hakuihama.

Ugomvi wa Nyerere na London ulikwenda kinyume na ule wa Vietnam, jambo ambalo wanaomkumbuka kama mhubiri wa amani hulisahau. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, tarehe 11 Novemba 1965, ni Nyerere aliyetaka nguvu itumike, na ni Wilson yuleyule aliyekataa vita. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliipa Uingereza hadi tarehe 15 Desemba imkomeshe Smith, la sivyo wanachama wavunje uhusiano nayo. Siku ilipofika, wengi walikaa kimya. Tanzania ilivunja, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Kaunda wa Zambia hakuvunja, nami simhesabu kuwa mwoga: shaba yake ilipita kwenye reli ya Rhodesia, na mtu hamtukani mwenye njia kabla hajapata njia nyingine.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Dar es Salaam kulipia msimamo mwaka huo. Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wa kijeshi kwa sababu ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, Nyerere aliwaambia wachukue na misaada mingine ya serikali yao. Mafunzo ya jeshi wakayashika Wakanada, ambao waziri mkuu wao, Lester Pearson, alikuwa ameshikwa ukosi na Johnson kwa kupendekeza mabomu yasitishwe Vietnam. Dunia ya wakubwa nayo ina ya kwake.

Njia nyingine ya Kaunda, reli ya Tazara, ndiyo inayopita Ifakara. Benki ya Dunia ilikuwa imeona reli hiyo haina faida. China ikakubali kuijenga Septemba 1967, kwa mkopo usio na riba. Kati ya 1970 na 1975 zikalazwa kilomita 1,860. Mang'ula, chini ya Udzungwa, Wachina waliweka karakana. Ukipita Ifakara ukafika Mlimba bonde la Kilombero linakwisha, na kutoka hapo hadi Makambako ni madaraja na mahandaki, kipande kilichowatoa jasho kuliko vyote. Leo mchele wa Kilombero hupakiwa humohumo, na abiria hununua ndizi dirishani bila kumfikiria Smith hata kidogo.

Tusimpambe Nyerere kupita kiasi. Kuvunja uhusiano hakukumwangusha Smith. Ubalozi ulirudi 1968, Zimbabwe ikasubiri hadi 1980. Na mkopo wa Wachina haukuwa sadaka: gharama za ndani zililipwa kwa kuagiza bidhaa zao, zikajaa madukani mwetu, mtu apende asipende.

Kisha nenda Kidatu. Hapo reli ya zamani inayotoka Kilosa ina upana wa milimita 1,000 na Tazara 1,067, kwa hiyo mzigo hauna budi kuhamishwa behewa kwa behewa. Kipimo hicho cha 1,067 ni cha reli za kusini. Zambia ilikuwa nacho tayari, kwa hiyo reli iliyojengwa ili kuikwepa Rhodesia ilibidi ifuate upana wa reli za Rhodesia.