Vinasaba na mafuta ya mwili: kwa nini wanaume na wanawake hunenepa tofauti?

Mwezi Februari mwaka 2019, shindano la urembo la Miss Curvy, lililolenga kuwatukuza wanawake wenye maumbo manene, lilizua mjadala mkali nchini Uganda. Nyuma ya mabishano hayo lipo swali la kisayansi: ni nini huamua mafuta ya mwili yakae wapi?

Mwaka 1947, daktari Mfaransa Jean Vague wa mjini Marseille alieleza kuwa mwili wa kiume huelekea kulimbikiza mafuta tumboni, ilhali wa kike huyahifadhi kwenye nyonga, makalio na mapaja. Alibainisha pia kwamba mafuta ya tumboni ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari na maradhi ya mishipa ya damu.

Mafuta yanayozunguka utumbo humwaga asidi zake kwenye mshipa unaoelekea moja kwa moja katika ini. Yale ya mapajani huhifadhiwa kwa utulivu zaidi chini ya ngozi. Homoni ya estrojeni husaidia kuyaweka huko, na ndiyo sababu wanawake wengi huona tumbo likiongezeka baada ya hedhi kukoma.

Mchango wa vinasaba

Mwaka 2015, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu zaidi ya 224,000, wengi wao wenye asili ya Ulaya. Ulibainisha maeneo 49 ya vinasaba yanayohusiana na uwiano wa kiuno na nyonga. Kati ya hayo, 20 yalitenda kazi tofauti kwa wanaume na wanawake, na 19 yalikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake. Kwa hiyo kaka na dada wanaweza kurithi kinasaba kilekile, lakini athari yake ikadhihirika zaidi katika umbo la dada.

Uganda katika ramani ya vinasaba

Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi zaidi duniani, lakini sampuli zao ni chache katika tafiti hizo. Matokeo yaliyopatikana Ulaya hayatabiri kwa usahihi uleule hatari inayomkabili mkazi wa Kampala.

Pengo hilo limeanza kuzibwa. Huko Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Kampala, wanakijiji wamekuwa wakishiriki utafiti wa afya tangu mwaka 1989. Mwaka 2019, jarida la Cell lilichapisha uchambuzi wa vinasaba vya washiriki takriban 6,400, ukifichua tofauti nyingi ambazo hazikuwa zimewahi kuorodheshwa.

Jinsi ya kujipima

Utepe wa fundi cherehani unatosha. Gawanya kipimo cha kiuno kwa kipimo cha nyonga. Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu kuwa hatari huongezeka uwiano unapofikia 0.90 kwa mwanamume na 0.85 kwa mwanamke. Mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 88 na nyonga za sentimita 110 ana uwiano wa 0.80. Mwanamume anayeonekana mwembamba, mwenye kiuno cha sentimita 95 na nyonga za sentimita 100, ana 0.95, na ndiye anayestahili kumwona daktari mapema.

Vinasaba huelekeza mafuta yakae wapi, lakini kiasi chake hutegemea pia chakula na mazoezi. Umbo la kurithi halimzuii mtu kuupunguza unene wa tumbo.